Genge la kando ya mto: nafasi ya kupanda iliyopotea, ikarudi, kisha ikapungua

## Kuhusu kisa hiki

Mahali, majina na vipimo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Mto nitauita mto, na kampuni nitaiita kampuni. Chama cha wapandaji miamba kiliniomba nikisaidie kuandaa mazungumzo na mwenye ardhi ya genge, yaani ukuta wa mwamba wanaoupanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoeleza niliishuhudia, na iliyobaki imo kwenye barua na kumbukumbu za vikao ambazo pande husika zilikubali zitumike kufundishia.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wapandaji walitumia miezi kujiandaa kujibu swali ambalo hakuna aliyetaka kuwauliza. Swali lililokuwa likimnyima usingizi mwenye ardhi lilikuwa jingine kabisa.

## Usuli

Genge ni la mawe ya chokaa, lina urefu wa mita 30 hivi, na limesimama upande wa nje wa kona ya mto, pale mkondo unapoula ukingo. Juu yake kuna ukanda wa msitu, kisha malisho ya ng'ombe ya familia moja, kisha barabara. Chini kuna kokoto na mawe makubwa yanayoonekana maji yakipungua na kufunikwa yakijaa.

Genge na kokoto zake ni mali ya kampuni ya umeme yenye bwawa kilomita chache upande wa juu wa mto. Kampuni haikulinunua genge kwa kulipenda. Ilinunua kingo zote mbili zamani ili maji yanapoachiliwa yasimfurikie mtu mwenye haki ya kudai fidia. Haki ya kuvua imekodishwa kwa chama cha wavuvi wa mshipi, wanaolipa kila mwaka na wana mkataba wa maandishi. Mkulima hamiliki hata shubiri ya mwamba, lakini njia ya miguu ya kwendea gengeni inapita langoni pake na pembezoni mwa malisho yake. Kwa hiyo pana mwenye mali, pana mpangaji na pana jirani. Wapandaji walikuwa wa nne, na ndio pekee waliokuwa hawana karatasi.

Walikuwa wamepanda hapo kwa zaidi ya miaka 20. Njia za kupanda ukutani zilikuwa zimefika 60 hivi, nyingi zikiwa na boliti, vyuma vya kushikilia kamba vilivyotiwa mwambani na watu wachache kwa fedha zao wenyewe. Hawakujificha: wavuvi waliwasalimu, na mkulima aliwapungia mkono akiwa juu ya trekta. Wala hawakuomba ruhusa. Huko kutojificha na kutoomba kuna uzito kisheria, na kulizua ugomvi mkubwa baadaye.

Msomaji wa Sweden au Norway atashangaa habari hii ina urefu gani, maana kwao mtu huruhusiwa kutembea katika ardhi ya mwingine ilimradi asiharibu wala asisumbue. Uskoti nayo ilipitisha haki ya namna hiyo mwaka 2003. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika na ardhi za pamoja zilizosajiliwa, lakini misitu na kingo za mito kwa kawaida hazimo. Marekani, na kwingineko kwingi kulikorithi sheria za Kiingereza, mazungumzo huanzia mahali pamoja: mwenye ardhi anaweza kukuambia utoke, na halazimiki kukupa sababu. Kisa hiki kilitokea katika nchi ya kundi hili la mwisho.

## Mambo yalivyoharibika

Hakuna aliyeanguka. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia husubiri kusikia nani aliumia.

Kilichobadilika ni idadi ya watu. Mpandaji mmoja aliweka mtandaoni maelezo ya genge zima, pamoja na alama ya ramani ya mahali pa kuegesha. Msimu uliofuata, sehemu iliyozoea magari mawili matatu ilijaa, na yaliyozidi yakaegeshwa mbele ya lango la mkulima. Siku moja alikuja na trela kumchukua ng'ombe mgonjwa, akakuta lango limezibwa na gari ambalo mwenyewe alikuwa amening'inia kwenye kamba juu ya mto. Akabandika karatasi kwenye kioo, ameandika namba yake ya simu. Hakuna aliyempigia. Juma lililofuata lango lilizibwa tena na gari jingine.

Wavuvi nao walikuwa na orodha yao: mbwa waliofunguliwa wakajitosa majini, muziki, matawi ya ukingoni yaliyokatwa ili kupata nafasi ya kusimama, na karatasi za chooni nyuma ya mawe. Mtu anayekodi ukingo wa mto hasa analipia utulivu, na huo ndio aliokuwa haupati. Wakaiandikia kampuni. Kwa kuwa wao ni wapangaji wanaolipa, walijibiwa upesi. Bango la kukataza kuingia likasimamishwa, na uzio ukapigwa kwenye korongo ambalo wapandaji walikuwa wakishukia.

Uzio ukakatwa. Aliyeukata hajajulikana hadi leo, na kwa kampuni haikuwa na maana kumjua: iliyokatiwa uzio ni kampuni, na waliokuwa wakitaka usiwepo ni wapandaji. Barua iliyofuata ilisema boliti zote zitang'olewa na yeyote atakayekutwa gengeni atashtakiwa kwa kuingia bila idhini.

## Uamuzi wa kwanza: kusimama

Kikao cha chama kiligawanyika makundi matatu. La kwanza lilitaka waendelee kimyakimya, waende alfajiri siku za kazi. Lilikuwa na watu wachache wenye sauti kubwa.

La pili lilikuwa la wakongwe waliotoboa boliti za mwanzo, nao walisema: tusiombe chochote. Hoja yao ilitoka kwenye sheria. Katika nchi nyingi zenye asili ya sheria za Kiingereza, njia iliyotumiwa na umma kwa muda mrefu bila kutumia nguvu, bila kificho na bila ruhusa inaweza kugeuka kuwa haki. Kwa England na Wales, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inaweka muda huo kuwa miaka 20. Sharti la hatari ni lile la mwisho. Ukibisha hodi na kukaribishwa, unaweza kuwa umekiri kwamba siku zote ulipita kwa hisani ya mwenye nyumba. Wakongwe waliona barua ya kuomba ruhusa ni sawa na kuchana hati yao wenyewe.

Kundi la tatu lilitaka kuomba, na ndilo lililoshinda kwa kura.

Kwa maoni yangu hoja ya wakongwe ilistahili kusikilizwa zaidi ya ilivyosikilizwa. Hata hivyo ilikuwa na upungufu wa aina mbili. Hata kama ingeshinda, ingeleta haki ya kupita kwa miguu tu. Kupita si kuning'inia ukutani, wala si kutoboa mwamba wa mtu. Halafu wa kwanza kuburutwa mahakamani angekuwa mkulima, ambaye njia ilipita kwake, na ndiye aliyekuwa na chuki kidogo kuliko wote.

Pamoja na kuomba, kikao kiliamua jambo ambalo lilipingwa zaidi: kusitisha upandaji wote kwa hiari, kuanzia siku ile, bila kujua kwa muda gani. Wanachama walipangwa zamu ya kusimama kwenye maegesho mwishoni mwa juma na kuwarudisha waliokuja. Sababu ilikuwa ya kimkakati. Chama kilikuwa kinaelekea kuiambia kampuni kwamba kinaweza kusimamia watu. Kama kisingeweza kuwazuia wakati genge limefungwa, nani angeamini kwamba kitawapanga likifunguliwa? Maelezo ya mtandaoni yaliondolewa pale yalipoweza kuondolewa. Nakala zake ziliendelea kuzunguka.

## Barua iliyogonga ukuta

Barua ya kwanza ilikwenda makao makuu ya kampuni, ikiwa na viambatisho vya bima, mafunzo ya wanachama, viwango vya vifaa na uchambuzi wa dhima ya mwenye ardhi. Uchambuzi huo ulikuwa mzuri. Ulitaja kesi ya Tomlinson ya mwaka 2003, ambapo Bunge la Malodi la Uingereza, likikaa kama mahakama ya juu, liliamua kwamba halmashauri haikuwa na dhima kwa kijana aliyejirusha kwenye maji mafupi ya ziwa na kuvunjika shingo, kwa kuwa hatari yenyewe ilikuwa wazi kwa mtu mzima yeyote. Ulitaja pia sheria za majimbo ya Marekani zinazompunguzia dhima mwenye ardhi anayewaruhusu watu waingie bure kwa burudani.

Jibu lilikuwa fupi, limetiwa saini na mwanasheria: haikubaliki.

Sioni ajabu. Kwa mwanasheria wa makao makuu, kukubali hakumletei faida yoyote, na kukataa hakumgharimu chochote. Sheria zinazomsaidia mwajiri wake ashinde kesi hazimwondolei usumbufu wa kushtakiwa. Zaidi ya hayo, barua yenye kurasa nyingi kuhusu ajali humfanya msomaji awaze ajali.

## Langoni kwa mkulima

Baada ya hapo mwenyekiti wa chama, mwanamke mwenye subira kuliko mimi, alifanya lililopaswa kuwa la kwanza. Alikwenda kwa mkulima bila karatasi yoyote.

Mkulima alimweleza habari ya ng'ombe na ile karatasi ya kwenye kioo. "Mimi sikatai watu," alisema. "Nilikosa wa kumpigia."

"Kuanzia leo wa kumpigia ni mimi, mzee," akamjibu, akamwandikia namba.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono. Wanachama walipanua sehemu ya kuegesha upande wa barabara, wakasogeza lango ndani ili gari lisiweze kulizibia hata likitaka, wakatengeneza ukuta wa mawe uliobomoka kwenye malisho. Mkulima hakulipwa fedha, na hilo lilipangwa. Katika sheria nyingi za kumlinda mwenye ardhi, ulinzi unasimama juu ya neno "bure". Mara anapopokea malipo ya kiingilio, mgeni anaweza kuhesabiwa kuwa mteja, na mteja anadaiwa uangalizi mkubwa zaidi. Chama hakikutaka kumtia jirani kwenye ubishi wa kama ada ya maegesho ni kiingilio au si kiingilio.

Mkulima ndiye aliyefungua njia ya kampuni. Alikuwa akizungumza mara kwa mara na mhandisi wa bwawa kuhusu mafuriko ya malisho ya chini. Akamwambia kuna watu angependa aonane nao.

## Mhandisi na king'ora

Mkutano ulifanyika gengeni, juu ya kokoto. Mwenyekiti akaanza kueleza kamba inavyobeba uzito. Mhandisi akamkatiza kwa upole.

"Mwenyekiti, kamba sina wasiwasi nazo. King'ora kikilia sasa hivi, hawa walio chini wanakwenda wapi?"

Hakuna ukurasa wowote wa ile barua uliogusa hilo.

Bwawa la umeme huachilia maji kwa kufuata mahitaji ya gridi, wala halingoji mvua. Watu wa mjini wakiwasha vifaa vyao jioni, mitambo inaanza, na mto unapanda chini ya anga lisilo na wingu. Penye genge bonde limebanwa, hivyo maji hupanda upesi kuliko kwenye uwanda. King'ora hulia kabla. Mvuvi akikisikia anakunja mshipi na kuondoka.

Mshika kamba hawezi kuondoka hivyo. Kamba ya mwenzake imepita kwenye kifaa kilichofungwa kiunoni mwake. Akikimbia, anamvuta au anamwangusha. Inabidi kwanza amshushe. Kama mwenzake yuko katikati ya boliti mbili, inabidi apande hadi ya juu au arudi hadi ya chini, aache karabina yake (pete ya chuma ya kupitishia kamba) hapo, ndipo ashushwe. Kisha wote wawili wavue kamba na kutembea juu ya mawe yanayoteleza mpaka kwenye korongo la kutokea. Na mhandisi akawaonyesha jambo ambalo wapandaji wa miaka 20 hawakuwahi kuliona, kwa kuwa maji yakiwa mengi hawakuwa wakija: mdomo wa lile korongo uko chini kuliko kokoto za katikati. Mahali pa kutokea ndipo panapofurika kwanza.

Hapo ndipo uzio ulipopata maana. Kampuni iliweka uzio kwenye korongo kwa sababu korongo lingeweza kuwa mtego, na malalamiko ya wavuvi yaliiharakisha tu.

Chama kiliomba jaribio badala ya kubishana. Siku ambayo maji hayakupangwa kuachiliwa, jozi kadhaa zilipanda njia tofauti, pamoja na kundi la wanaoanza na mwalimu wao, na mhandisi akapiga king'ora kwa wakati asiowatangazia. Jozi za wazoefu zilikuwa juu ya alama ya usalama mapema. Kundi la wanaoanza, lenye mwalimu mmoja akiangalia kamba kadhaa, lilikuwa bado kwenye kokoto muda wa mhandisi ulipoisha. Mwalimu yule ni hodari, nimemwona akifundisha. Lakini mikono ni miwili.

## Uamuzi wa pili: kuliacha genge la chini

Theluthi ya chini ya genge ina rafu ya asili, kama kibaraza chembamba kinachokwenda sehemu kubwa ya ukuta. Mhandisi alichora mstari wa maji ya juu kabisa. Rafu ilikuwa juu yake. Pendekezo likazaliwa hapo: watu waingie kutoka juu badala ya korongoni, wapite mnyororo wa kushikilia hadi kwenye rafu, na mshika kamba ajifunge kwenye nanga ya rafuni. Njia zote zianzie hapo. Boliti zote zilizo chini ya mstari zing'olewe na matundu yazibwe.

Theluthi ya njia ilipotea, na si theluthi yoyote. Zilikuwemo karibu njia zote rahisi, zile ambazo watu wengi walijifunzia. Wakongwe walipewa nafasi ya kung'oa wenyewe boliti walizozitia, nao wakakubali, isipokuwa mmoja ambaye hakuhudhuria na hakutaka kuulizwa. Uamuzi huu ulikigharimu chama wanachama. Naamini ulikuwa sahihi, kwa sababu hapakuwa na ahadi ya nidhamu ambayo ingemfanya mwalimu mmoja awe na mikono minne.

Wakati wa kubadilisha boliti za juu ya rafu, iligunduliwa kwamba nyingi zilikuwa na bamba la chuma cha pua juu ya boliti ya chuma kilichopakwa zinki. Metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu, mojawapo huliwa haraka, na kando ya mto unyevu haukomi. Zote zilibadilishwa kuwa za chuma cha pua kutoka ncha hadi bamba. Kampuni haikuombwa kuzikagua wala kuziidhinisha. Kwa makusudi, mkataba unasema boliti ni za chama na kampuni haina jukumu la kuzikagua. Mwenye ardhi anayekagua boliti anajitwisha jukumu la kuzikagua vizuri.

## Makubaliano yenyewe

Karatasi iliyotiwa saini ilikuwa leseni ya mwaka mmoja inayoweza kuongezwa. Haikuwa haki ya kupita iliyoandikishwa kwenye hati ya ardhi. Wanachama wengi waliliona hili kuwa udhaifu, na kwa namna fulani walikuwa sahihi. Lakini mhandisi alikuwa na mkubwa wake wa kumshawishi, na kilichomwezesha kumshawishi ni kifungu kimoja: kampuni inaweza kufunga genge wakati wowote, kwa ujumbe wa simu kwa mwenyekiti, bila kueleza sababu, na chama kitalifunga siku hiyo hiyo. Mtu anayejua anaweza kufunga mlango kwa urahisi huogopa kidogo kuufungua.

Masharti mengine yalitoka kwa kila aliyehusika. Mbwa hawaingii. Makundi yana kikomo cha watu. Wakati samaki wanataga, sehemu inayotazama maficho yao haitumiwi asubuhi. Upande wa juu wa genge kuna kozi, ndege mwindaji, anayetaga hapo, na kampuni ina wajibu wa kimazingira kwake. Sehemu hiyo inafungwa kabla ya mayai na kufunguliwa makinda yakisharuka. Kozi hulalia mayai kwa karibu mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani karibu wiki sita, kwa hiyo kufunga kwa majuma mawili matatu hakusaidii kitu. Chama kiliomba mtaalamu wa ndege athibitishe kila mwaka kama kiota kina ndege. Kisipokuwa na ndege, vipande vya jirani hufunguliwa mapema. Hili lilisaidia sana wapandaji kuheshimu bango, kwa kuwa walijua halikubandikwa kwa mazoea.

## Matokeo

Genge lilifunguliwa. King'ora kimewahi kulia watu wakiwa rafuni. Walikaa pale pale, wakatazama maji yakipita chini yao, wakatoka kwa mnyororo.

Katika mwaka wa pili mvuvi aliwakuta vijana wasio wanachama kwenye kokoto, wakipanda chini ya mstari kwa kamba waliyoifunga juu. Walikuwa wamefuata moja ya zile nakala za zamani za mtandaoni. Kampuni ilituma ujumbe, chama kikafunga siku hiyo, na genge likafunguliwa tena baada ya wiki chache na bango jipya kuwekwa. Kama mkataba usingeiruhusu kampuni kufunga kwa muda kwa urahisi hivyo, nadhani ingeuvunja kabisa.

Kisha kampuni, kwa sababu zake za fedha, iliuza kipande cha upande wa chini wa mto kwa mwekezaji wa nyumba za wageni. Kipande hicho kilibeba karibu robo ya njia zilizobaki. Leseni ni ahadi kati ya watu wawili, haifuati ardhi. Mnunuzi hakufungwa nayo, na hakutaka wapandaji juu ya vyumba vyake. Sehemu hiyo imefungwa mpaka ninapoandika.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, nikitazama nyuma, ni kusimama kabla ya kuomba. Barua na bima hazikumshawishi mtu. Mhandisi alisema baadaye kwamba alikubali kukutana kwa sababu mkulima alimhakikishia kwamba kwa miezi mizima hakuona kamba hata moja.

Cha pili ni mpangilio wa watu wa kuonana nao. Mwenye hati ya ardhi ndiye mwenye uwezo wa kukubali, lakini mara nyingi si yeye anayeumia. Chama kilianza kwa mwenye hati na kukataliwa. Kilipoanza kwa anayeumia kikapata hata njia ya kumfikia mwenye hati. Ningemshauri mtu mwingine yeyote achore kwanza njia nzima kutoka barabarani hadi kwenye mwamba na aandike jina la kila mtu ambaye njia hiyo inamkanyaga, pamoja na wapangaji.

Kuhusu dhima ya kuanguka, sisemi haina maana. Nasema wapandaji huipenda mno kwa sababu ndiyo wanayoijua. Hofu ya mwenye ardhi ya kando ya mto ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya maji, gari, moto au mpangaji. Hata Sweden au Uskoti, ambako swali la kuingia lingejibiwa na sheria, swali la mhandisi lingebaki vilevile, na pengine lisingeulizwa kabisa kwa kuwa hakuna ambaye angelazimika kukutana naye.

Makosa yapo. Hoja ya wakongwe ilipigiwa kura bila maoni ya mwanasheria wa ardhi. Inawezekana kabisa kwamba haki ya kupita kwa miguu ilikuwa imeshakomaa, na kwamba ingeweza kuwekwa mezani kama nguvu ya mazungumzo bila kwenda mahakamani. Hakuna atakayejua sasa. Chama pia kilijenga kila kitu juu ya watu wawili, mwenyekiti na mhandisi. Mhandisi alipohamishwa, mrithi wake alilazimika kusimuliwa upya kila kitu, pamoja na sababu ya rafu, kwa kuwa ripoti ya jaribio la king'ora haikuwa imeambatishwa kwenye leseni.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kutouliza swali la mauzo. Mahali pengine wapandaji walilijibu kwa kununua. Huko Kentucky, Marekani, muungano wa wapandaji wa Red River Gorge ulinunua ardhi ya Pendergrass-Murray mwaka 2004. Mwaka huo huo, katika eneo hilo hilo, familia moja ilifungua Muir Valley kwa wapandaji, kisha mwaka 2015 ikaikabidhi kwa taasisi ya kuihifadhi. Miamba ya Harrison's Rocks, kusini mwa England, ilinunuliwa kwa ajili ya wapandaji mwaka 1958. Kununua kunafuta hatari ya mnunuzi mwingine, lakini kunageuza chama kuwa mwenye ardhi: barabara, vyoo, bima na majirani vinakuwa vyake, na mtu anayelalamika anakuja kwake. Kwa genge lililo ndani ya eneo la mafuriko la bwawa, kampuni isingeuza ukingo huo kwa chama hata kwa fedha. Kipande cha chini, ambacho iliona haikihitaji, ingeweza kukiuza. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Leseni ya mwaka huu ina kifungu kipya. Kampuni ikitaka kuuza sehemu yoyote ya ukingo, itakitaarifu chama kwa maandishi kabla ya kutangaza. Chama kiliomba pia haki ya kununua kwanza, na kampuni ikakataa. Hata hivyo kimefungua akaunti ya akiba.